Anwani Nilizouza Bila Kumwita Mtu

Barua ya kuuza anwani zetu za intaneti ningeweza kuikataa. Niliisaini ofisini kwetu Busia, mchana, bila kulazimishwa, dalali akinisifu kwamba najua biashara.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunauza intaneti kwa mawakala wa forodha pale mpakani na kwa shule chache upande wa Tororo. Kila anayeunganishwa huhitaji anwani, yaani namba ya kumtambulisha mtandaoni. Tulipewa fungu kubwa zamani, zilipokuwa zikipatikana kwa kuomba tu, na karibu nusu hazikuwa zimeguswa. Mdogo wangu alizitunza kwa ajili ya vijiji vya Lunyo na Paya, alikokuwa akisimamisha minara kwa mikono yake. Ziliandikwa kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Kwetu Paya huuzi hata kona ya shamba kabla ya kuwaita ndugu na majirani wakautembea mpaka wake. Desturi hiyo naijua, nimeisimamia mara nyingi. Kwa anwani sikumwita mtu. Nilijiambia kwamba kitu kisichokanyagwa hakina ukoo.

Mdogo wangu alirudi kutoka Lunyo na matope hadi magotini. Shule tatu zilikuwa zimekubali kuunganishwa.

"Nipe anwani, kaka."

"Nimeuza."

"Umeuza nini?"

"Zile zilizokuwa zimekaa bure."

Akacheka vibaya. "Hata wewe umekaa bure, mzee. Nikuuze?"

Nikamwambia yeye ni kibarua wangu wa kupanda minara, asinifundishe kazi. Nilisema hivyo mbele ya wateja, nao wakacheka.

Wateja walipoongezeka tuliwabana wengi nyuma ya anwani moja. Kompyuta ya wakala mmoja ikaingiwa na virusi, ikaanza kumwaga barua pepe taka. Mfumo wa forodha ukaifungia anwani ile, na wote walioichangia wakafungiwa nayo. Malori yakasimama. Mawakala walijaa mlangoni wakitutukana kwa Kisamia na Kiswahili. Mdogo wangu aliwaonyesha kiti changu kwa kidole. "Muulizeni huyo. Mimi kibarua tu."

Akachukua kamba zake, akatoka. Mwezi haukuisha, wateja nao wakatoka.

Tulipomzika mama kule Paya, mdogo wangu alisimama upande wa pili wa kaburi, akaenda zake bila kunipa mkono. Kampuni ilikufa, na hilo ningelivumilia. Nilimpoteza ndugu pekee niliyekuwa naye, na aliyemfukuza ni mimi.