Mchezo Uliobaki Kwenye Diski

Mwoka mikate alirudi nyumbani mchana akiwa hoi, unga umemkaa mpaka kwenye kope. Alimkuta shemeji yake, fundi kompyuta, mdogo wa marehemu mkewe, ameketi mbele ya kompyuta ya nyumbani, ile aliyokuwa akichezea sataranji na mkewe. Mwoka mikate hata viatu hakuvivua. Alijitupa kitini tu.

"Shemeji, diski yako inavurugika kila mara," fundi alisema. "Mfumo wa faili uliomo, yaani namna diski inavyopanga vitu vyake, ni wa zamani. Unasomeka kwenye mashine yoyote, lakini umeme ukikatika unavuruga kilichoandikwa. Nikuwekee mpya unaohimili, ila huo unataka tufute kila kitu kwanza."

"Weka huo mpya. Nimechoka kuitengeneza kila umeme ukirudi."

"Michezo yenu wewe na dada nimeshaihamisha. Umebaki huu mmoja. Programu haikubali kuuhamisha mchezo mpaka uishe."

Hapo ndipo palipokuwa na balaa lenyewe. Mkewe aliucheza huo akiwa kitandani, anataja kete, mume anasogeza. Siku hiyo alisema, ngoja nilale kidogo, nikiamka nitakujibu. Hakuamka. Tangu hapo kila mashine ikiwashwa mchezo ulifunguka palepale, zamu ikiwa yake, na mume alikaa akautazama mpaka usingizi ukamchukua kitini. Kumngoja mtu asiyekuja kunachosha kuliko tanuri, jamani.

"Umeme ukikatika tena utapotea wenyewe," fundi alisema. "Mchezee tumalize."

"Nimchezee? Dada yako humjui? Hata huko aliko atanuna."

"Basi bonyeza kwamba amejisalimisha. Si unaona, malkia hana, ngome hana."

Ni kweli, mume alikuwa amembana mkewe vibaya. Lakini mwanamke yule hakuwahi kujisalimisha maisha yake yote. Angebaki na mfalme peke yake, bado angekwambia tuendelee, unaogopa nini. Na hata kwenye ugonjwa alikuwa hivyohivyo, mpaka daktari akaishiwa maneno.

Mwoka mikate alikivuta kipanya. Upande wake mwenyewe, wenye malkia na ngome mbili, akabonyeza: nimejisalimisha. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

"Haya, mama watoto, umeshinda," alisema, machozi yakimchuruzika kwenye unga. "Shemeji, hamisha na huu, kisha futa."

Fundi aliuhamisha, akaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, akashindwa kubonyeza. Marehemu alikuwa dada yake.