Mbegu za Kwenye Mtungi

Kutoka Tanga hadi Iringa nilisafiri siku tatu, basi likiharibika mara mbili. Kutoka Iringa nilidandia lori la saruji, nikashuka Rujewa na vumbi lake hadi kwenye nyusi. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na kidato cha nne na miguu isiyotulia, nikapata kazi ya kumsaidia Bwana Mifugo.

Tulikuwa tunabadilisha ng'ombe wa Usangu. Bwana Mifugo alikuwa na mtungi wa chuma unaofuka baridi, ndani yake mbegu za madume ya Ulaya. Majike yangepandikizwa kwa mrija, na madume ya kienyeji yote yahasiwe, yasichafue kizazi kipya. Koleo la kuhasi nililishika mimi.

Mzee mmoja wa Kisukuma alikuwa na dume moja tu. Mama wa dume hilo alitembea kutoka Shinyanga mwaka wa ukame, akalizaa njiani.

"Hiyo mbegu yako, mama yake nani?" mzee alimwuliza Bwana Mifugo. "Aliwahi kupona ndigana, hii homa ya kupe?"

Bwana Mifugo akamsomea namba ya kwenye mrija.

"Namba nimesikia. Nimeuliza mama."

Mkewe, aliyekuwa akikamua, akadakia, "Kama mbegu ni nzuri hivyo, Bwana Mifugo, si umletee na mume wangu? Watoto wake wote miguu mifupi."

Tulicheka. Mzee hakucheka.

"Wakishaweza kwa ng'ombe watakuja kwa watu," alisema. "Na kitukuu wangu ataulizwa na nani kama anataka?"

Bwana Mifugo akamwambia aache ushamba, akaniagiza nikalihasi dume hilo kesho yake.

Nilikwenda, lakini ule mtungi nilikuwa nimeshaanza kuutilia shaka. Ndama wawili wa mbegu ile walikuwa wamekufa kwa ndigana, nami nikaambiwa nisiseme.

Mzee alilishika dume pembe. "Mwanangu, ukishalihasi, halafu hao wapya wakafa wote, unalo lingine la kunipa?"

"Sina, mzee."

Koleo nikaliacha ndani ya mkoba. Akalifungua dume, akaliswaga kuelekea Madibira.

Mchana nilimwambia Bwana Mifugo sikulihasi. Hakugomba. Alipokea koleo, akauliza mzee ameelekea wapi.

"Sijui," nikasema.

Siku hiyohiyo nilipanda lori la mpunga kwenda Iringa, na Usangu sikurudi tena.