Treya Iliyogeuzwa Mama Mkwe Akiwa Mezani

Nilimpiga mkono mtaalamu wa usingizi, bomba la sindano likaruka mpaka sakafuni. Mezani alikuwa mama mkwe wangu, tumbo limeshapasuliwa.

Na wote mle ndani walijua yule mama hanitaki.

Ni mwaka tisini na saba, Bariadi. Hospitali za watu binafsi ndiyo kwanza zinaota mjini. Mimi na darasa la saba langu nikapata kazi ya usafi, chumba cha upasuaji.

Mama mkwe, Milembe, aliletwa kutoka Sapiwi na uvimbe tumboni. Nikapiga goti mlangoni, nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

Akamgeukia mume wangu, Masele.

"Ng'ombe kumi na mbili zimetoka, mwaka wa tatu huu hata mimba ya kusingizia hakuna. Leo tena naingia naye humo? Nisipotoka, muulizeni huyu."

Masele akaangalia viatu vyake.

Wakamchoma sindano ya mgongo. Chini ganzi, juu yuko macho; shuka limemkinga asione tumbo, ila upande wa kichwani anaona kila kitu.

Novatus, ndiye mtaalamu wa usingizi, akavuta dawa kwenye mabomba mawili, akayalaza kwenye treya kando ya kichwa cha mama. Ukubwa mmoja, rangi ya maji yote mawili. Hajaandika kitu.

Nilishamuuliza siku moja anayatofautishaje.

"Kulia ya kupandisha presha. Kushoto ya kulegeza misuli, ni ya akiba. Hiyo ukimpa mtu bila mashine ya kupumulia, anakata pumzi huku anakutazama. Umeelewa, daktari wa fagio?"

Nesi Klementina, yule wa hereni, alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa siku hii ya mama mkwe, Novatus akainama kurekebisha mtungi wa hewa. Klementina akainua treya, akapangusa chini yake, akairudisha.

Akairudisha imegeuka. Ya kulia ikawa kushoto.

Niliona. Nikanyamaza. Sikutaka kuitwa daktari wa fagio tena, huo ndio ukweli.

Mara mama mkwe akasema, "Moyo unaniishia."

"Presha imeshuka," daktari akasema bila kuinua kichwa. "Mpe, Novatus."

Mkono wake ukaenda kulia. Hata hakutazama.

"Siyo hiyo," nikasema.

"Shika deki yako."

"Treya imegeuzwa, kaka Novatus."

"Mtoeni huyu."

Alishachomeka kwenye mpira wa dripu. Ndipo nikampiga mkono.

"Anataka mkwewe afe," Klementina akasema taratibu. "Si mlimsikia mama mlangoni? Treya hajaigusa mtu."

Macho yote kwangu. Nikaiona jela. Nikaona na ng'ombe zinarudishwa kwa Masele.

"Imegeuzwa."

Sauti ilitoka nyuma ya shuka, nyembamba.

"Huyo mwenye hereni ndiye kaigeuza. Nimemwona."

Daktari akamtazama Novatus. "Lililobaki hapo lina dawa gani?"

Novatus akaliinua kwenye mwanga, akalirudisha kwenye treya.

"Basi tupa. Vunja kichupa kipya, na jina nisomee kwa sauti kabla hujavuta."

Akasoma. Akavuta, akachoma. Presha ikapanda.

Siku ya tatu nilimpelekea mama mkwe uji wodini.

"Usidhani nimeanza kukupenda."

"Sijadhani, mayu."

Akanywa, akafuta mdomo.

"Nilitaka kukaa kimya wakufunge, Masele aoe mwingine. Halafu nikakumbuka sindano bado wanazo wao, na wa kuchomwa ni mimi."

Nikachukua kikombe. Sikumwambia kwamba hata mimi nilianza kwa kukaa kimya.

Kuanzia wiki ile kila bomba lilibandikwa plasta, jina la dawa juu yake. Kukata plasta nikapewa mimi. Novatus alikuwa anaipokea bila kunitazama, miaka yote niliyokaa pale, na Klementina hakunisalimia tena.

Wewe unayesoma hapa, kama unafanya kazi hizo: bomba lisilo na jina limwage, hata kama una uhakika. Novatus alikuwa na uhakika.

Na ukiona kitu kimegeuzwa, sema saa ileile. Mimi nilichelewa, ikabidi nipige mtu.