Banda la muziki nililochora Garissa, na mjomba aliyebeba lawama yangu

Jina langu msilitaje, Garissa tunajuana. Nina miaka ishirini na sita, nimesomea usanifu wa majengo Nairobi, na kwetu mimi ndiye msichana wa kwanza kufanya kazi hii.

Nilipewa kuchora banda la muda la tamasha la muziki la vijana, la turubai na fito zilizopindwa, likae siku tatu liondolewe. Nilitumia programu ya kompyuta: unaipa ukubwa wa uwanja, uzito wa turubai na kasi ya upepo, nayo inajaribu mamia ya maumbo mpaka ipate linalosimama kwa fito chache. Likatokea moja zuri sana. Waandaaji wakalipenda papo hapo.

Fundi mkuu alikuwa abti yangu, yaani mjomba, aliyenilea baba alipofariki. Alitazama mchoro akaniambia upepo wa huku huinua turubai kutoka chini, niongeze fito. Nikaingiza upepo alionieleza. Programu ikalikataa umbo langu. Niliona aibu kuwarudia waandaaji, nikaipunguza namba ya upepo mpaka likakubalika, kisha nikamwambia abti kompyuta imehakikisha.

"Wewe ndiye umesoma," akasema, akajenga.

Siku ya pili alasiri, wanamuziki wakijaribu vyombo, upepo uliingia chini ya turubai. Banda likainuka, likaanguka. Mwimbaji mmoja, binti wa Wajir, akavunjika mkono.

Waandaaji walipouliza, sijafungua mdomo, abti akasema yeye ndiye hakufunga kamba sawasawa. Tangu hapo hakuna anayemwita kazini. Nilimwambia nitasema ukweli. Akanijibu polepole, "Ukisema, msichana mwingine wa huku hatapewa kazi kama hiyo. Mimi nimezeeka. Wallahi, ukisema sitakusamehe."

Juzi waandaaji walinipigia nichore banda jingine, nitafute fundi makini kuliko yule. Niliwaambia nitawapigia baadaye. Jana mama, ambaye ni dada yake, alimgombeza mbele yangu kwamba nusura aniharibie jina. Abti aliinamisha kichwa, akaniomba chai. Nikammiminia.

Yule binti bado ana plasta, na anaamini aliyemuumiza ni abti. Nikisema nampoteza mtu aliyenilea. Nikinyamaza, kila siku namwona akidharauliwa kwa ajili yangu. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanya nini?