Tovuti Iliyomtia Mama Mbelwa Kizunguzungu

Nilikuwa najiita mtaalamu wa tovuti, kwa hiyo aibu hii ni haki yangu. Niliwatengenezea wakulima wa mboga wa Vugiri, kule milimani, tovuti ambayo ukibonyeza kitufe, ukurasa mzima unateleza kwa mbwembwe mpaka chini. Katibu wao, Mama Mbelwa, akanipigia simu.

"Mwanangu, ukurasa ukikimbia hivyo napata kizunguzungu. Nina tatizo la sikio linaloniyumbisha. Kwenye mipangilio ya simu nimeshazima miondoko ya skrini, na tovuti nyingine zinatulia. Yako tu ndiyo haisikii."

Nikacheka moyoni. Mama wa mlimani anifundishe kazi! Nikamwambia nimesharekebisha, na sikuwa nimegusa herufi hata moja.

Siku ya kukabidhi tovuti, pale Korogwe mjini, nikajitapa mbele ya wanachama: "Tovuti hii inafuata mpangilio wa simu ya kila mtu. Atakayeona kizunguzungu, alaumu kona za barabara ya Vugiri."

Watu wakacheka. Mama Mbelwa akanipa simu yake. "Nionyeshe huo mpangilio uko wapi."

Nikapekua mwanga, nikapekua betri, nikaishia kwenye milio, mjinga mimi. Akaichukua simu, akaufungua mpangilio mara moja, akawaonyesha wenzake kwamba miondoko imezimwa. Kisha akabonyeza kitufe changu. Ukurasa ukateleza vilevile. Akafumba macho, akashika meza.

"Hukurekebisha," akasema polepole. "Na hata hukujua kitu chenyewe kipo."