Hodi ya Kituo Kilichofungwa

Jumamosi iliyopita nilikwenda na kundi la watu kutembezwa katika kituo kimoja cha treni za chini ya ardhi, hapa London, kilichofungwa zamani. Mlangoni, mtembezaji alitueleza kwamba wakati wa vita familia zilikimbilia humu kujikinga na mabomu, zikalala sakafuni kando ya reli.

Bibi mmoja wa Kizanzibari, aliyekuwa mbele yangu, akagoma kuingia.

"Mama, twende, please, watu wanasubiri," bintiye akamnong'oneza.

"Si umesikia watu walilala humu na watoto wao? Basi hii nyumba."

Akapiga hodi, akatega sikio. Akapiga ya pili. Ya tatu nayo ikapotelea gizani. Akakaza ushungi wake, akageuka. "Hatukujibiwa. Turudi."

Mzee wa Kiingereza nyuma yetu akauliza kuna nini. Binti, haya zimemjaa usoni, akamweleza: kwetu, hodi tatu zisipojibiwa, mtu huondoka zake.

Mzee akavua kofia. "Mama yangu alilala humu utotoni," akasema. "Mwenyeji hujibu nini?"

Akafundishwa. Akatupita, akashuka ngazi mbili, akatugeukia. "Karibu!"

Bibi akaingia kwa mguu wa kulia, nasi sote nyuma yake.

Nimebisha milango mingi ya ofisi katika nchi hii. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimepata kusikia Mwingereza akinikaribisha bila kuniuliza kwanza nitaondoka lini.