Uzi Kati Yangu na Baba Mkwe

Mama mkwe ndiye aliyenieleza kwanza: Landrova ya mzee, tangu ainyanyue kwa springi ndefu na matairi mapana yanayouzwa siku hizi madukani, inatangatanga barabarani. Na kesho yake ndiyo ingempeleka mwanangu mgonjwa hospitalini Igogwe, kwa njia ya matope.

Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Lakini mzee alihitaji mtu wa kushika uzi upande wa pili, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kupima kama yamenyooka pamoja. Nikachutama upande wangu, gari likatuficha, mama mkwe akasimama katikati kupitisha maneno.

"Mwambie mkwe auvute," mzee alisema. "Uzi unagusa tairi pote?"

"Ukingo wa mbele bado, upana wa kidole," nilimnong'oneza mama mkwe.

"Kidole!" mama mkwe akampazia mzee sauti, akicheka. "Nyie wawili mtanimaliza koo!"

Spana ikalia. Tairi likageuka taratibu mpaka likaugusa uzi pote. Nilipigwa na butwaa: chuma kizito kile kimetii uzi wa kushonea magunia! Wapo wanaotazamana usoni kila siku wasielewane hivyo.

Asubuhi nilipanda nyuma na mwanangu, nikampa mzee mgongo kama inavyopasa, nikatazama tulikotoka. Alama za matairi zilikuwa zimenyooka kwenye matope.